Televisheni ya kulipia: serikali iweke mkono wapi, na wapi iuondoe

Swali la msomaji: Kampuni za televisheni ya kulipia sasa ni nyingi. Kuna za dishi, za kebo, za antena na za intaneti. Mteja asiporidhika anahamia kwingine. Kwa nini basi serikali iweke sheria za ushindani kwenye biashara hii, badala ya kuziacha kampuni zipambane zenyewe? Na kama ni lazima iingilie, iishie wapi?

Ndugu msomaji,

Serikali inapaswa kuingilia, ila si kila mahali. Kazi yake ni kusimama kwenye ile milango michache ambayo kampuni moja ikiifunga, wengine wote wanabaki nje hata wawe hodari kiasi gani. Milango hiyo ni mitatu: mtandao unaofikisha picha nyumbani, haki za maudhui yasiyo na mbadala, na king'amuzi kilichofungwa kwa kampuni moja. Nje ya hapo, hasa kwenye kumpangia mtazamaji bei ya kifurushi, serikali nyingi zimejaribu na matokeo hayatii moyo.

Tuanze na hoja yako ya wingi wa kampuni, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Mtazamaji hanunui kampuni. Ananunua mechi ya Jumamosi, tamthilia anayoifuatilia, taarifa ya habari ya saa mbili. Zikiwepo kampuni nne na ligi ikawa kwa moja tu, kwa mpenzi wa mpira huyo ni muuzaji mmoja; hao watatu wengine wanauza bidhaa tofauti. Tena kuhama kuna gharama ambayo matangazo ya biashara hayaitaji: king'amuzi kipya, fundi wa kugeuza dishi, siku zilizolipiwa zinazopotea, mkataba wa intaneti uliounganishwa na televisheni. Kwa anayeishi ghorofani asikoruhusiwa kufunga dishi, au kijijini ambako kebo haijafika, orodha ya kampuni nne ni ya kwenye karatasi tu.

Wachumi wa ushindani wana kipimo kwa jambo hili. Chukulia kwamba muuzaji anapandisha bei kwa asilimia 5 hadi 10 na kuiacha hapo mwaka mzima. Je, wateja watakaohama ni wengi kiasi kwamba ongezeko hilo litamtia hasara? Kama ndiyo, wale wanaohamiwa wako naye katika soko moja. Kama hapana, hawamo, hata kama bidhaa zao zinaonekana kwenye kioo kilekile. Kipimo hiki kifanywe eneo kwa eneo na kundi kwa kundi la watazamaji. Wastani wa nchi nzima huficha mtaa wenye muuzaji mmoja.

Historia ya Marekani inafundisha vizuri hapa kwa sababu njia zote mbili zilijaribiwa, moja baada ya nyingine. Sheria ya kebo ya 1984 iliondoa udhibiti wa bei karibu kila mahali kuanzia mwisho wa 1986, wakati ambapo miji mingi ilikuwa na kampuni moja tu ya kebo. Bei zikapaa. Kufikia 1992 Bunge liliandika ndani ya sheria mpya kwamba bei ya wastani ya kebo ilikuwa imepanda karibu mara tatu ya kasi ya kupanda kwa gharama za maisha. Rais George H. W. Bush aliikataa sheria hiyo, Bunge likaipitisha juu ya kura yake ya turufu, na ni mara hiyo pekee lilipomshinda hivyo katika urais wake wote.

Sheria hiyo ya 1992 ilibeba dawa mbili ndani yake. Ya kwanza ilikuwa bei: Tume ya Mawasiliano, FCC, iliagiza punguzo la asilimia 10 mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikaongeza asilimia 7. Kampuni zikatafuta njia. Chaneli zikahamishwa kutoka vifurushi vyenye udhibiti kwenda visivyo nao, na mabishano juu ya kipi kinahesabika yakawa kazi ya kudumu ya mawakili. Sheria ya 1996 ikaamua kwamba udhibiti wa vifurushi vya juu ungekoma tarehe 31 Machi 1999. Dawa ya pili haikupigiwa kelele nyingi: kampuni ya kebo inayomiliki chaneli zinazosambazwa kwa setilaiti ilikatazwa kuwanyima washindani chaneli hizo au kuwauzia kwa masharti ya ubaguzi. DirecTV ilipoanza kuuza huduma ya dishi mwaka 1994, ilikuta chaneli ambazo watu walikuwa tayari kuzilipia zinapatikana. Bila hizo lingekuwa dishi lisilo na cha kuonyesha. Dawa hiyo ya pili, kwa maoni yetu, ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu ilimpa mteja mahali halisi pa kuhamia.

Haki za maudhui ndipo penye ugumu mkubwa, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kuna njia mbili zinazotajwa sana za kulegeza ukiritimba wa michezo. Moja ni kugawa haki katika mafungu na kukataza mnunuzi mmoja kuyachukua yote. Tume ya Ulaya iliipata ahadi hiyo kutoka kwa Premier League ya Uingereza, na kuanzia msimu wa 2007 mechi ziliuzwa katika mafungu 6, mnunuzi mmoja asiweze kuyamaliza. Kampuni ya televisheni ya kulipia Setanta ilinunua mafungu 2, mshindani wake Sky ikabaki na 4. Kwa mtazamaji, maana yake ilikuwa kulipia sehemu mbili ili kuona kile alichokuwa akikiona sehemu moja. Setanta ilianguka kifedha Juni 2009. Baadaye kampuni ya simu ya BT ilipoingia mnadani, gharama ya haki ikaruka: takriban pauni bilioni 3 kwa misimu mitatu iliyoanza 2013, kisha zaidi ya bilioni 5 kwa misimu mitatu iliyoanza 2016. Fedha hizo zilikwenda kwa vilabu na wachezaji, na mwisho wa njia mlipaji ni mtazamaji.

Kilichokosewa ni hiki: kugawa mafungu kunazalisha ushindani wa kununua, si wa kuuza. Kila mechi inabaki na muuzaji mmoja. Shabiki wa timu fulani hawezi kubadilisha mechi ya timu yake kwa mechi nyingine kwa kuwa tu hiyo ni nafuu zaidi.

Njia ya pili ni kumruhusu mshindi wa mnada abaki na haki zake, ila alazimike kuwauzia washindani chaneli hiyo kwa bei ya jumla, nao waiuze rejareja kwa wateja wao. Mdhibiti wa Uingereza, Ofcom, aliiagiza Sky ifanye hivyo kwa chaneli zake mbili kuu za michezo mwaka 2010. Kesi mahakamani zilivuta miaka, na mwaka 2015 Ofcom ikaiondoa amri hiyo. Pamoja na vurugu zote hizo, tunaiona hii kuwa njia bora kuliko mafungu, kwa sababu inawaacha wauzaji washindane kwa huduma, king'amuzi, bei na lugha ya utangazaji wakiwa na bidhaa ileile mkononi. Ila amri ikiandikwa vibaya haina faida, na mahali inapoharibikia panajulikana.

Kwanza ni hesabu ya bei ya jumla. Njia ya kawaida ni kuchukua bei ya rejareja na kutoa gharama ambazo mwenye chaneli hazibebi anapouza kwa jumla: huduma kwa wateja, ankara, matangazo, ruzuku ya king'amuzi, pamoja na faida ya kawaida. Rejareja ikiwa 100 na gharama hizo pamoja na faida zikiwa 35, bei ya jumla isizidi 65. Kosa la mara kwa mara ni kutumia gharama za kampuni kubwa yenyewe. Kampuni yenye mamilioni ya wateja inamhudumia kila mmoja kwa gharama ndogo, huenda 20 badala ya 35, na hesabu hiyo ikimpa mshindani mdogo bei ya jumla ya 80 atakuwa anauza kwa hasara tangu siku ya kwanza. Mdhibiti apige hesabu ya mshindani mwenye ufanisi lakini ambaye bado hajawa mkubwa.

Pili ni malipo ya chini yaliyohakikishwa. Bei kwa kila mteja inaweza kuonekana ya haki huku mkataba ukidai ulipie angalau wateja laki mbili, uwe nao usiwe nao. Anayeanza hana hao. Amri ikikaa kimya juu ya kifungu hicho, mwenye chaneli atakitumia.

Tatu ni bidhaa yenyewe. Ikitajwa "chaneli" tu, mshindani atapewa picha ya kawaida bila ile angavu (HD), bila marudio, bila ruhusa ya kuonyesha kwenye simu. Orodha ya kile kinachouzwa iandikwe kwa kirefu, na iseme kwamba kila kitu ambacho mwenye chaneli anawapa wateja wake kimo.

Nne ni muda. Msimu wa ligi unakwisha kabla ya shauri kusikilizwa. Kwa hiyo mshindani apate chaneli wakati mgogoro ukiendelea, fedha zinazobishaniwa ziwekwe kwenye akaunti ya dhamana, na msuluhishi apewe tarehe ya mwisho. Utaratibu mmoja uliotumika Marekani katika masharti ya muungano wa kampuni ya kebo ya Comcast na kampuni ya chaneli na vipindi ya NBCUniversal mwaka 2011 ni kila upande kuwasilisha toleo lake la mwisho, na msuluhishi achague moja kati ya hayo mawili bila kugawa katikati. Anayedai kupita kiasi anajua atashindwa, hivyo pande zote husogea kabla ya kufika kwake.

Amri ya namna hii pia iwe na mwisho. Ipitiwe kila baada ya miaka mitatu au minne, na iondolewe pale kipimo cha asilimia 5 hadi 10 kinapoonyesha watazamaji wana pa kwenda. Maudhui ya kawaida, yaani filamu, tamthilia na vipindi vya mazungumzo, yasiguswe. Haki ya kipekee juu ya tamthilia mpya ndiyo inayomfanya mtu aitengeneze. Ukilazimisha igawanywe, mwekezaji atasubiri mwenzake atengeneze. Udhibiti uhusu kile kisichoweza kutengenezwa tena na mshindani hata akiwa na fedha, na kwa sehemu kubwa hiyo ni michezo ya moja kwa moja.

Mlango wa mtandao ni rahisi zaidi kuueleza. Masafa ni haba kwa asili. Mkondo mmoja wa antena wenye upana wa megahezi 8, kwa teknolojia ya DVB-T2, hubeba takriban megabiti 30 hadi 40 kwa sekunde, na chaneli ya picha ya kawaida iliyobanwa vizuri hutumia kama 2. Hiyo ni chaneli kati ya 15 na 20, pungufu zaidi zikiwa za picha angavu. Mwenye mkondo akiwa pia na chaneli zake, atajikumbuka kwanza. Ndiyo maana nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilipohama kutoka analojia zilitenganisha leseni ya kusambaza mawimbi na leseni ya maudhui. Utengano huo una nguvu tu ukiambatana na mambo matatu: bei ya kubebwa itangazwe hadharani, hesabu za msambazaji zitenganishwe na za kampuni tanzu yake, na chaneli isiyo ya msambazaji ipate nafasi kwa masharti yaleyale. Leseni mbili zenye mmiliki mmoja na daftari moja hazimlindi mtu yeyote.

Hapa pia ndipo penye wajibu wa kampuni za kebo kubeba chaneli za bure. Mahakama ya Juu ya Marekani iliukubali wajibu huo kwa kura 5 dhidi ya 4 mwaka 1997. Ni wajibu mzuri ukiwa mfupi. Orodha ikirefushwa kila mwenye chaneli anapobisha hodi bungeni, inakula nafasi ya wanaoingia.

Kwa kebo na faiba, kizuizi kikubwa ni nguzo, mifereji ya chini ya ardhi na vibali vya halmashauri. FCC iliweka mwaka 2006 ukomo wa siku 90 kwa mamlaka za miji kuamua maombi ya kampuni ambazo tayari zilikuwa na haki ya kupitisha nyaya, na miezi sita kwa nyingine. Mamlaka ikichelewa, hapo ushindani unazuiwa na serikali yenyewe.

King'amuzi nacho kina historia ya kujifunza. Marekani ilitaka mteja aweze kununua king'amuzi dukani na kuchomeka kadi ya kampuni yoyote ya kebo, na kuanzia Julai 2007 kampuni zenyewe zililazimika kutumia kadi hizo kwenye ving'amuzi vyao vipya. Watu waliendelea kukodi. Kadi zilipokea mawasiliano ya upande mmoja tu, kwa hiyo huduma ya kuagiza filamu haikufanya kazi kwenye vifaa vingi vya dukani, na teknolojia ikawa imesonga mbele. Sheria ya mwishoni mwa 2014 ikaufuta wajibu wa kampuni kutumia kadi hizo. Ulaya ilichagua jambo dogo zaidi: televisheni ya kidijiti yenye kioo cha zaidi ya sentimita 30 kwa mshazari iwe na angalau tundu moja la wazi la kuingizia moduli, yaani kifaa kidogo cha kufungulia chaneli za kulipia. Sisi tungeongeza sharti moja ambalo gharama yake ni ndogo sana na manufaa yake ni makubwa: king'amuzi chochote kiendelee kuonyesha chaneli za bure hata kifurushi kikiisha. Kioo kinachozima kabisa siku ya malipo humfunga mteja kuliko mkataba wowote.

Sasa bei ya rejareja. India ilikwenda mbali kuliko wengi. Kanuni zilizoanza kutumika mwanzoni mwa 2019 ziliweka ada ya mtandao isiyozidi rupia 130 kabla ya kodi kwa chaneli 100 za kawaida, na chaneli iliyo ndani ya fungu isizidi rupia 19, ili mtazamaji achague na kulipia anachotaka tu. Nia ilikuwa njema. Chaneli nyingi zenye watazamaji wengi ziliwekwa palepale kwenye rupia 19, na watu waliozoea vifurushi vipana wakaona malipo yakipanda. Mwaka 2020 mdhibiti akashusha ukomo kuwa rupia 12 na kuongeza chaneli za ada ya msingi hadi 200, kesi zikafuata, mwishoni mwa 2022 ukomo ukarudishwa 19. Ukomo wa bei hugeuka shabaha ya wauzaji wote, halafu mdhibiti anaanza kufukuzana na idadi ya chaneli, ubora wa picha na ada za kufunga. Bei iguswe pale tu ambapo eneo lina mtandao mmoja usio na mbadala, na iwe ya kifurushi cha msingi pekee.

Miungano ya kampuni inahitaji jicho kali kuliko bei, kwa sababu ikishaidhinishwa ni vigumu kuitengua. Hesabu ya kuanzia ni nyepesi: chukua sehemu ya soko ya kila kampuni, izidishe kwa yenyewe, jumlisha. Kampuni zenye asilimia 60, 25 na 15 zinatoa 3,600 + 625 + 225 = 4,450. Ile ya 25 ikiungana na ya 15, jumla inakuwa 5,200, ongezeko la 750. Mwongozo wa Marekani wa 2023 huchukulia muungano kuwa na madhara, mpaka ithibitishwe vinginevyo, jumla ikizidi 1,800 na ongezeko likizidi 100. Ila usihesabu kitaifa tu. Kampuni ya dishi ya EchoStar ilipotaka kuungana na DirecTV, FCC ilikataa mwaka 2002, na sababu kubwa ilikuwa maeneo ya vijijini yasiyo na kebo, ambako wauzaji wawili wangebaki mmoja. Masharti ya tabia, yaani yale yanayoiambia kampuni itende vipi baada ya kuungana, pia yana tarehe ya mwisho: yale ya Comcast na NBCUniversal yaliisha baada ya miaka saba, umiliki ukabaki.

Utajiuliza kama televisheni ya intaneti haijayamaliza haya yote. Imepunguza ukiritimba wa filamu na tamthilia, hilo ni kweli. Lakini mwenye bomba la intaneti mara nyingi ndiye muuzaji wa televisheni, na anaweza kuhesabu data ya mshindani huku ya kwake akiiacha bure. Kampuni ya kebo ya Charter iliponunua mwenzake Time Warner Cable mwaka 2016 ilikatazwa kuweka ukomo wa data kwa miaka saba kwa sababu hiyo. Kwa hiyo sheria isitaje dishi, kebo wala antena. Itaje nguvu ya soko.

Kuna hatari moja ambayo tunaichukulia kwa uzito kuliko gharama zote za udhibiti. Taasisi inayoamua nani apate mkondo inaweza kutumia kalamu hiyohiyo kuadhibu kituo kwa habari zake. Ulinzi wake uwe ndani ya sheria: maamuzi ya ushindani yafanywe na chombo kisichosimamia maudhui, sababu zichapishwe pamoja na hesabu, na rufaa iende mahakamani huku chaneli ikiendelea kurusha. Nchi isiyo tayari kuweka hayo matatu ni heri iache sheria ya ushindani ya jumla na mahakama zifanye kazi hii, japokuwa zitachelewa.

Mdhibiti wa nchi yako akitoa wito wa maoni, usiishie kuandika kwamba bei ni kubwa. Eleza unapoishi kuna wauzaji wangapi wanaofika kweli, kuhama kuligharimu nini, kifurushi kilipoisha king'amuzi kilionyesha nini, na ni chaneli ipi iliyokuzuia kuondoka. Ambatanisha ankara.